Sindano ya Mlio Mmoja

Nyumbani kwetu hakuna kalamu ya kubofya. Ukija na yako nitakuomba uiache mlangoni pamoja na viatu, na ukinuna, nuna. Kitasa cha kabati tumekifungua tukafunga kwa kamba. Kopo la sukari tunalifunika kwa sahani, maana kifuniko chake kikikazwa hulia. Wageni hudhani vituko hivi ni vyangu, kwa kuwa mdomo haunilali na mimi ndiye ninayewakemea. Wala si vyangu. Ni kwa ajili ya kaka yangu, anayesikia mlio ambao haupo, na kwa ajili ya mke wake, ambaye ndiye aliyeutengeneza.

Mke wa kaka ni wifi yangu, na mnajua wenyewe mawifi tulivyo. Ukiona wifi anamsifu wifi mwenzake, ujue amebanwa na ukweli. Mimi nimebanwa.

Alipoolewa kwetu tuliambiwa ni injinia wa vifaa vya hospitali. Marehemu mama akauliza, vifaa gani hivyo? Akajibiwa kwamba binti anabuni springi. "Springi?" mama akashangaa. "Basi tumeoa fundi magodoro!" Watu walicheka mpaka wakapaliwa, na jina likamganda. Kwetu ni Fundi Godoro, na ukimwita hivyo anaitika bila kinyongo.

Hizo springi hakuanza kuzipenda chuoni. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda havikunjuki, na kila wiki alitakiwa kujichoma sindano ya paja. Kwa kuwa hakuweza kuishika, aliyemchoma ni binti yake, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. "Damu sikuiogopa, wifi," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Nilichoogopa ni uso wa mama akiiona sindano inakuja. Anakaza meno, anageukia ukutani, halafu ananiambia haiumi." Basi mtoto akaanza kufungua vitu. Alifungua kalamu, akafungua mtego wa panya, akafungua saa ya mezani ya baba yake na kwa ajili ya saa hiyo akachapwa. Alikuwa anatafuta kitu cha kuisukuma sindano kwa kasi, ikiwa imejificha, mama asiione. Alipokua akakuta kumbe kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo. Akasema, haya, hapa ndipo kwangu.

Niwaeleze kifaa chenyewe, kwa sababu bila hicho hamtaelewa kitu. Ni bomba la plastiki, unene wake kama mshumaa. Ndani mna dawa, mna sindano usiyoiona, na juu yake springi iliyobanwa. Unalikandamiza bomba kwenye paja, hata juu ya nguo. Springi inafyatuka, inaisukuma sindano ndani, kisha inaisukuma dawa. Ukiinua bomba, ala inashuka na kuifunika sindano, isimchome mtu mwingine. Mwenye vidole vilivyopinda anaweza. Mtoto anaweza. Mimi nisiyeweza hata kubadilisha balbu naweza.

Na kililia. Kilisema *ta!* mwanzoni, springi inapofyatuka, kisha *ta* nyingine mwishoni, dawa ikiisha. Ya mwanzo ilikuwa kubwa kwa kuwa springi bado ina nguvu zake zote. Ya mwisho ilikuwa hafifu, kwa kuwa springi imekwisha kukunjuka na kuchoka. Karakana nzima iliupenda ule mlio wa mwanzo. Watu walioitwa kukijaribu kifaa walisema unawatuliza, unawaambia kazi imeanza. Wifi alipokuja nacho nyumbani siku ya kwanza alikifyatua mbele yetu sote sebuleni, *ta!*, akicheka kama mtoto.

Kaka na wifi walijaliwa watoto wawili. Kifungua mimba alikuwa mvulana, tukimwita Babu kwa kuwa alirithi jina la babu yake, na kweli alikuwa na maneno ya kizee. Kitinda mimba ni msichana, naye jina lake la nyumbani ndilo hilohilo, Kitinda. Babu alikuwa na mzio wa nyuki. Akiumwa na nyuki mmoja tu, midomo inavimba, koo linaziba. Tulishaligundua hilo mapema, kwa hiyo juu ya friji palikuwa na kopo, na ndani ya kopo sindano ya springi kutoka karakana ya mama yake. Tulijiona tumekamilika. Mwenye kisima hafi kiu, si ndiyo?

Siku yenyewe wifi alikuwa kazini, mimi nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja, maana mimi ni mshonaji. Kaka, ambaye ni seremala na karakana yake iko hapohapo uani, alikuwa na watoto. Ukame ukizidi nyuki huja kunywa maji kwenye bomba letu la uani. Babu aliumwa shingoni. Kaka alifanya kila kitu alichofundishwa. Alikimbilia kopo, akamlaza mtoto, akaikandamiza sindano kwenye paja. Ikalia *ta!* Akaichomoa.

Ndiyo hivyo. Alisikia mlio, akajua imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Niliwakuta hospitali, na Babu ameshatutoka. Wifi alifika akiwa bado na koti la kazi. Watu walikuwa wanapiga yowe, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye hakulia. Alipiga magoti kando ya kitanda akaipapasa kaptula ya shule ya mwanawe, pale pajani. Ilikuwa imelowa. Sisi tulidhani jasho, au mkojo. Alinusa vidole vyake, akafumba macho, na hapo ndipo nilipojua kwamba amejua.

Msibani jirani mmoja mdomo mpana akasema, akijifanya ananong'ona, "Mganga hajigangi." Nilimfukuza na kikombe chake cha chai mkononi, wala sijutii. Wifi aliniomba kitu kimoja tu, kaptula ile nisiifue. Ilipokauka iliacha duara pajani, na akaifungia kwenye droo yake ya kazini pamoja na vipimo na bisibisi.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Tunakula mchana, kaka anaacha tonge njiani. "Mmesikia?" Tunasikia nini? Tunaangaliana. "Kuna kitu kimelia." Hakuna kilicholia. Anainuka anakwenda kuangalia chumba cha Babu, anarudi, anakaa, chakula kimepoa. Mwanzoni nilimjibu kwa upole. Baadaye nikachoka, nikawa namwambia wazi, "Kaka, hakuna kitu, ni masikio yako." Naye ananitazama kama mtu aliyedanganywa na ndugu yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini kaka ung'ongo wenyewe haukuwapo na bado alishtuka. Hata tepu yake ya chuma, ile ya kupimia mbao inayojirudisha yenyewe, aliiacha, kwa sababu ikimaliza kujikunja husema *ta*. Akawa anapima kwa kamba yenye mafundo. Seremala mzima! Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Tena mimi mwenyewe niliogopa. Sitawaficha. Kuna alasiri nilikuwa peke yangu na cherehani, nikasimamisha mguu ili nikate uzi, na katika ule utulivu nikasikia kitu chumbani kwa Babu. Kidogo tu. Sikwenda kutazama. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika.

Halafu wakampima Kitinda. Na yeye ana mzio uleule.

Sasa fikiria. Wifi anakwenda kazini asubuhi anarudi jioni. Mimi nina siku zangu za kupeleka nguo. Kitinda akitoka shule aliye naye ni baba yake, bomba liko uani, nyuki wako palepale. Tukiwafukuza wanarudi. Na baba mwenyewe akiliona kopo juu ya friji anapita kwa ukutani, asiliguse. Siku wifi alipomkabidhi kifaa cha mazoezi, kisicho na sindano wala dawa, kilimdondoka, akatoka nje bila kukiokota.

Nilikuwepo walipogombana, uani, nimekuja kuomba msumari.

"Nani atamshika Kitinda mimi nikiwa kazini?" wifi aliuliza.

"Nitambeba nikimbie naye hospitali."

"Hata Babu ulikimbia naye."

Lo! Nikatamani ardhi ipasuke. Kaka aliweka randa chini polepole. Wifi naye alijiziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, "Mimi ndiye niliyeuweka ule mlio. Niliupenda. Niliufanya uwe mkubwa makusudi."

"Na mimi ndiye niliyeuamini," kaka akajibu.

Walisimama hivyo, meza ya mbao katikati yao, kila mmoja anajichukulia kosa kama wagombeao mfupa. Niliondoka bila msumari. Nilikwenda kulilia jikoni, tena kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nawapenda wote wawili na sikuwa na la kufanya.

Wifi alirudi pale uani baadaye akaichukua ile tepu iliyoachwa. Aliifungua kwa bisibisi, si mnaijua tabia yake. Ndani mna utepe mwembamba wa chuma uliojiviringisha. Alinionyesha, akaniambia niuvute. "Unasikiaje?"

"Unavuta."

"Vuta zaidi. Sasa je?"

"Unavuta vilevile, wifi. Kwani unataka ufanyeje?"

"Ndiyo hivyo," alisema. "Springi ya kawaida inaanza na kishindo inaisha imechoka. Huu una nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho." Kwa hiyo mwisho ungeweza kulia kwa nguvu, na mwanzo usilie kabisa. Na kisingekuwepo tena kile kipigo cha mwanzo kinachomfanya mgonjwa aruke, maana maumivu mengi, alisema, hayatoki kwenye sindano, yanatoka kwenye kishtuko. Alikuwa anaongea haraka haraka huku machozi yanamtoka, na nadhani hakujua kama yanamtoka.

Mkuu wa karakana yao, mzee mpole wa miwani, hakutaka. Mlio wa mwanzo ndio sifa ya kifaa chetu, alimwambia. Tulikijaribu kwa watu wengi, wote walingoja mpaka mwisho. Wifi akamuuliza walikijaribu wapi. Kwenye chumba chenye feni, mtu amekaa kwenye kiti, chai iko mezani, anachoma sponji. Nani asingengoja?

Jioni ile akaniambia, "Wifi, ule mdomo wako nauhitaji kazini."

Maisha yangu yote naambiwa ninyamaze, leo mdomo umepata ajira! Nilikwenda na vipande vya nguo alivyoniagiza, jinzi, kodrai na sweta, akavifunga juu ya sponji kwa kuwa mtu huchomwa na nguo zake mwilini. Akawaita wafanyakazi wenzake mmoja mmoja, watu waliokijenga kile kifaa kwa mikono yao. Kila mmoja alipandishwa ngazi mbio, akaingia chumbani, na mimi kazi yangu ilikuwa kumpigia kelele sikioni. "Fanya haraka! Anakufa! Anakufa huyu!" Wa kwanza alikandamiza, *ta!*, akachomoa. Dawa ikaruka ikalowesha jinzi. Wa pili vilevile. Wachache wakangoja. Nilianza kufurahia, nikijiona mwigizaji. Kisha akaingia mkuu mwenyewe, anahema, miwani imeteleza, nami nikafungua mdomo niseme anakufa, kikatoka kitu kingine. "Babu!" nilipiga kelele. "Babu! Babu amka!" Sikuweza kujizuia. Mkuu akakandamiza, *ta!*, akachomoa. Alisimama pale akiliangalia doa linavyotanuka kwenye kitambaa. Wifi alikuwa ameegemea mlango.

Mkuu alikubali, ila alimwachia swali moja. "Kisipolia mwanzoni, mtu atadhani kimekufa. Atachomoa vilevile, au sivyo?" Hilo lilimkosesha wifi usingizi. Mwishowe aliweka kidirisha ubavuni, na ndani yake utepe wa rangi ya chungwa unaoshuka dawa inavyoshuka. Na alihakikisha ule utepe wa chuma unapojikunjua mkono unausikia, mtetemo kidogo, kama cherehani ikishona polepole. Nilimtania kwamba ametengeneza ile methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. Akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Majaribio yote yalipokamilika na kifaa kikaruhusiwa, kipya kikaingia kwenye kopo juu ya friji.

Lakini kaka hakukigusa. Wifi hakugombana tena. Alikiweka cha mazoezi kati ya randa na patasi zake, akakiacha. Vumbi la mbao likakifunika. Kuna siku nilipita nikaona hakina vumbi. Sikuuliza.

Ilitokea alasiri, jua kali. Nilikuwa barazani nashona, Kitinda ametoka shule, gauni la shule bado mwilini, amekwenda bombani kunywa maji. Nikasikia yowe. Nilipomfikia midomo ilikuwa imeanza kujaa na anajikuna shingo. Nikambeba, nikapita jikoni nikanyakua kopo, nikamfikisha kwa baba yake uani. Mtoto anarusha miguu, anapiga, hewa inaingia kwa filimbi. Nilikaa chini nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, la sivyo angejitupa.

"Kaka, chukua!"

Alikuwa amesimama na randa mkononi, mweupe kama aliyepakwa unga. "Fanya wewe," alisema.

"Nina mikono mingapi? Nikimwachia anaanguka! Chukua nakwambia, au simama hapo umzike na wa pili!"

Akachukua. Akapiga magoti, akaikandamiza sindano pajani juu ya gauni. Na hakuna kilicholia.

"Haijaanza," alisema. "Imekufa hii. Imekufa!" Nikauona mkono wake unataka kuinuka.

"Tazama kidirisha!"

Alitazama. Utepe wa rangi ya chungwa ulikuwa unashuka. Mkono ukatulia. "Inatembea," alinong'ona. "Naisikia mkononi. Inatembea." Kitinda alikuwa ananing'ang'ania shingo, kucha zimeniingia. Sijawahi kuchukia kimya kama nilivyokichukia kile.

*Ta!*

Ililia kwa nguvu, kama nyundo kwenye msumari. Kaka hakusogea. Aliendelea kukandamiza, jasho linamdondoka puani, kisha akaniinulia macho yaleyale ya mezani, ya kila siku.

"Umesikia?"

Ni mara ngapi nimemjibu hilo swali?

"Nimesikia, kaka."

"Kweli umesikia?"

"Kweli. Hiyo ipo. Toa."

Akatoa. Jirani, yuleyule mdomo mpana, ndiye aliyetupakia kwenye gari lake akaendesha bila kusema neno. Njiani filimbi ya kifuani ikaanza kupungua, na karibu na hospitali Kitinda akaniambia namminya. Nikalegeza mikono, nikambusu utosini, nikamtukana kidogo kwa kutukimbiza roho.

Wifi alitukuta kwenye benchi la hospitali, mtoto amelala mapajani pa baba yake, amekwisha kuonwa na daktari, anapumua. Alikuja na koti la kazi. Hakutusalimu. Alipiga magoti sakafuni akalipapasa gauni la shule pale pajani, akapapasa tena, akageuza kiganja akakitazama, akanusa vidole.

"Kavu," alisema.

"Nilingoja," kaka akamjibu. "Nilingoja, mke wangu, mpaka ikalia."